Begi la Kwenda Kwenye Barafu

Tusimwite Esteri mjinga. Kibondo nzima ilimwita hivyo baadaye, na waliopaza sauti zaidi ni wale wale waliokuwa wakipita dukani kumpongeza Mwanahawa kwa safari yake. Kumfumia rafiki yako nguo za safari si ujinga hata kidogo. Na kama mtu amekaa na mwenzake kibaraza kimoja miaka kumi na miwili, akala naye, akazika naye, mnataka amkague nini tena?

Mambo yalianza Oktoba mwaka 2014, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kulowesha soko. Esteri alikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitenge la Mwanahawa, anafuma sweta la shule. Mwanahawa akatoka ndani na simu mkononi, uso umemchanua.

"Shoga yangu, Mama Gudruni kaandika!"

Sindano za Esteri zikasimama. Mama Gudruni alikuwa mkunga, mzungu wa Norwei, aliyezalisha kina mama wakimbizi kambini miaka kumi na mmoja mpaka kambi zilipofungwa. Mwanahawa ndiye aliyempangisha nyumba mjini. Lakini Esteri ndiye aliyeshinda naye wodini, akimshikia taa, akimtafsiria vilio vya wazazi, kwa kuwa lugha ya wale kina mama ndiyo aliyonyonyeshwa nayo. Jioni walikuwa wanakaa kwenye ngazi za wodi, mzungu anamfundisha Esteri kufuma, Esteri anamfundisha mzungu Kirundi, na kofia za vichanga zinaongezeka kwenye kikapu. Tangu aondoke, Esteri hakupata kuwa na rafiki mwingine wa namna ile.

"Anasemaje?"

"Anatimiza miaka sabini na mitano. Anataka kusafiri na meli ya kitalii, Februari, kwenye baridi yao hiyo, waione barafu na ile mianga inayocheza angani usiku. Na anataka mgeni kutoka Kibondo."

"Mgeni gani?"

Mwanahawa akajipiga kifuani kwa kiganja. "Huyu hapa."

Esteri alijua kusoma Kiswahili na Kirundi, lakini Mama Gudruni, aliyevijua kwa mdomo tu, aliandika Kiingereza. Kiingereza kilikuwa cha Mwanahawa, aliyefika kidato cha nne, na barua pepe zilikuwa za simu ya Mwanahawa. Kwa hiyo akauliza tu, kwa sauti ndogo, lile alilotaka kulijua kuliko yote.

"Na mimi hakunitaja?"

"Mbona amekutaja! Kasema nikupe salamu nyingi."

Salamu! Miaka kumi na mmoja ya usiku na damu na maji ya moto, halafu salamu. Esteri aliumia, na asikudanganye mtu kwamba hakuumia. Aliumia mpaka akakosea mishono sita ikabidi airudie. Lakini hakuwa mtu wa kununa kwa bahati ya mwenzake. Akajiambia pengine uzee umemsahaulisha mama wa watu, pengine nafasi ilikuwa moja na mwenye nyumba ana haki yake. Jioni ile akasema, "Lete orodha ya vitu unavyotakiwa kubeba. Utafia huko na vitenge vyako."

Mwanahawa akamsomea kutoka kwenye simu, yeye mwenyewe akicheka. Pamba hapana, kwa sababu pamba ikishika jasho inakugandia mwilini. Nguo ya ndani iwe ya sufu. Juu yake sweta zito. Juu ya sweta koti la kuzuia upepo. Soksi za sufu. Glavu, lakini zile ambazo kidole gumba kina chumba chake na vingine vinne vinalala pamoja, vipashane joto. Kofia ya kufunika masikio. Mafuta ya midomo. Dawa ya kichefuchefu. Nguo ya kuogelea.

"Ya nini?" Esteri aliuliza.

"Eti kwenye sitaha kuna bwawa la maji ya moto. Watu wanaoga huku theluji inawadondokea."

"Na wewe utaoga?"

"Astaghfirullah! Nitawashikia mataulo."

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Kesho yake Esteri akaanza kazi. Sufu safi haipatikani Kibondo, kwa hiyo alifanya kama walivyofanya wafumaji wote wa hapo: alinunua masweta ya mitumba ya sufu, akayafumua, akaufua uzi, akaunyoosha kwa kuufunga jiwe, kisha akaanza upya. Vipimo alivichukua kwa kamba yenye mafundo, kama kawaida yake. Fundo la bega, fundo la kiwiko, fundo la kiuno.

Baada ya wiki Mwanahawa akaleta kamba ya pili, ameshaifunga mafundo mwenyewe. "Orodha inataka mawili mawili. Hili la pili liwe la kubana, nivalie ndani."

Esteri akaipitisha kamba vidoleni. "Mama Tunu, kwenye kamba hii kifua kimepungua na mikono imerefuka."

"Si nimekwambia la kubana? Na mikono iwe mirefu, ifunike vidole. We fuma, shoga, acha maswali ya polisi."

Esteri akafuma. Soksi mbili mbili, kofia mbili, glavu mbili mbili. Za pili zote zilikuwa nyembamba, na zote Mwanahawa alikuwa na maelezo yake: hizi za kulalia, hizi za kuvaa chini ya hizi. Wafumaji wa sokoni walimtania Esteri kwamba anamvisha mtu kama unavyofungwa mgomba dhidi ya upepo. Yeye alikuwa anatia kwenye kila mshono lile asiloweza kuliandika kwa Kiingereza. Mama Gudruni ataishika sufu hii, alijiambia, ataujua mkono wangu.

Katikati ya Januari uzi ulimwishia, imebaki glavu moja. Akapanda gari kwenda Kasulu, ambako mitumba hufunguliwa kwa wingi zaidi, na kama siku zote akapanga kulala kwa Yasmini, mdogo wake Mwanahawa. Tunu, bintiye Mwanahawa, alikuwa anakaa hapo akisomea ualimu. Esteri alikuwa amemfumia masweta ya shule tangu darasa la kwanza.

Tunu ndiye aliyefungua mlango. Msichana mrefu, mwembamba wa kifua, mwenye mikono iliyokuwa ikiyashinda masweta kila mwaka. Akapiga goti, akampokea mfuko.

"Shikamoo, mama mdogo! Yaani bora umekuja. Nilitaka nikushukuru mwenyewe, siyo kwa simu."

"Marahaba, mwanangu. Unishukuru kwa lipi?"

"Si kwa kunipa nafasi yako. Ya meli."

Esteri alikuwa hajakaa. Akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye kiti.

"Nafasi yangu ipi?"

Tunu akatabasamu, akidhani anataniwa. "Mama alituambia. Kwamba Mama Gudruni aliwaalika nyinyi wawili, wewe ukakataa, ukasema baridi huiwezi na meli unaziogopa, ukasema aende Tunu. Mama Gudruni alisikitika sana, ila akakubali. Pasipoti yangu imeshatoka." Kisha akauona uso wa Esteri, na tabasamu likamtoka kidogo kidogo. "Mama mdogo? Si ulikataa?"

"Hiyo barua unayo?"

Alikuwa nayo kwenye simu, mama yake alimtumia kwa ajili ya orodha ya vitu. Tunu akaisoma akitafsiri, na kila sentensi sauti yake ilishuka. Barua ilianza na majina mawili, Mwanahawa na Esteri. Ilisema vitanda viwili vimeshashikwa. Ikaja ile orodha yote, pamba hapana, sufu ndiyo, dawa ya kichefuchefu. Na mwisho wake yaliandikwa maneno haya, ambayo Esteri aliomba asomewe mara tatu:

*Esteri asihangaike na viatu. Najua miguu yake, hakuna mtumba wa kike utakaoitosha. Nimemnunulia buti namba arobaini na moja, zina manyoya ndani. Ziko mlangoni kwangu, zinamsubiri.*

Esteri akakaa chini sakafuni, siyo kwenye kiti, akalia. Alilia kwa sababu hakusahauliwa. Miezi mitatu alikuwa amejizoeza kusahauliwa, amemtetea mama wa watu kwa uzee, amemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Na muda wote huo viatu vyake vilikuwa mlangoni kwa mtu, ng'ambo ya dunia, na yule mtu anaambiwa Esteri hataki.

"Mimi siendi," Tunu alisema. Naye alikuwa analia. "Wallahi mama mdogo siendi."

"Wewe huna kosa. Nyamaza."

Uzi hakununua. Asubuhi alirudi Kibondo, akashukia sokoni, akaenda moja kwa moja dukani. Mwanahawa alikuwa amefungua begi jipya juu ya meza ya kukatia vitambaa, anapanga. Masweta upande huu, soksi zimekunjwa ndani ya kofia, vidonge vya kichefuchefu na kipande cha tangawizi kwenye mfuko wa pembeni. Kazi ya mikono ya Esteri ilijaza begi karibu lote.

"Umerudi! Uzi umepata?"

"Nimemkuta Tunu."

Mwanahawa akaendelea kukunja soksi ambayo ilishakunjwa. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nilitaka nikwambie tukirudi."

"Ulimwambia Mama Gudruni nimekataa."

"Esteri, tuongee kama watu wazima. Wewe pasipoti ungeipata wapi? Wangekuzungusha, mara babu yako kazaliwa Burundi, mara lete hiki, Februari ingekukuta hapa hapa na kitanda kimepotea bure."

"Cheti changu cha uraia ninacho. Na siku nakichukua ni nani aliyesimama shahidi wangu pale ofisini? Si wewe? Si wewe uliyesema mbele ya wale mabwana, huyu ni ndugu yangu?"

Hapo Mwanahawa aliinua macho, na yalikuwa yamejaa machozi. "Tunu ni mwanangu wa pekee. Ataona nini hapa? Vitenge na vumbi. Hata wewe, ungekuwa na nafasi moja, usingempa mwanao Divine?"

Swali lilikuwa la haki, na Esteri alilifikiria kwa haki.

"Ningempa," alisema. "Lakini ningekuja kwako kwanza. Ningekaa hapo kibarazani nikakwambia, Mama Tunu, niachie nafasi yako kwa ajili ya mwanangu. Na wewe ungeniomba hivyo, ningekuachia. Siku ile ile! Ningemwandikia Mama Gudruni kwa mkono wangu, Tunu akifika angemsomea. Ilikuwa ni kuomba tu, Mwanahawa. Badala yake ukanifumisha."

Mwanahawa akamshika mikono yote miwili, kwa nguvu. "Nisamehe. Chukua duka hili, kaa ndani, uza unavyotaka mpaka nirudi. Ila mzungu asijue. Akijua atafuta safari nzima, na mtoto ataaibika. Nakuomba shoga yangu, kwa yote tuliyopitia, usimwambie."

Ukweli ni kwamba Esteri alikuwa anaelekea kukubali. Alikuwa amemwona Tunu akilia, na moyo wake haukujengwa kwa kuvunja safari za watoto. Alikuwa anatafuta maneno ya kusamehe, na pengine angeyapata, angepewa dakika tano zaidi.

Simu ikaita juu ya meza, katikati ya masweta. Namba ndefu ya nje. Mwanahawa akatazama simu, akamtazama Esteri, akapokea. Ilikuwa moja ya zile simu za Kichina zinazosikika mpaka kwa jirani.

"Mwanahawa! Begi liko tayari?" Sauti ilikuwa imezeeka, lakini Kiswahili kilikuwa kile kile cha wodini, cha haraka na amri. "Hujaweka pamba?"

"Hamna pamba, Mama. Sufu tupu."

"Vizuri. Esteri anaendeleaje? Yuko karibu? Nataka nisikie sauti yake tu. Mwambie sitamlazimisha kuja. Nina huzuni kidogo, basi."

Esteri alikuwa karibu. Alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye ile simu, magoti yake yanaigusa meza. Mwanahawa alimtazama usoni, akamtazama vizuri kabisa, bila kufumba jicho.

"Hayupo, Mama," alisema. "Ameenda Kitahana kulima. Nitampa salamu zako."

Basi. Msamaha wote uliokuwa unakusanyika ukaishia hapo. Ya Oktoba Esteri angeweza kuyaita tamaa, angeweza kuyaita mapenzi ya mzazi. Haya ya sasa yalifanywa mbele ya macho yake, na mtu aliyekuwa bado ana joto la mikono yake viganjani.

Esteri aliinama juu ya begi, mdomo karibu na simu, akapiga kelele kwa lugha waliyokuwa wanaitana nayo usiku, huyu mwanzo wa wodi na yule mwisho, kila mmoja akimtafuta mwenzake gizani.

"Ndi hano, Mama! Ndi hano! Niko hapa!"