Kikombe cha Pongwe

Mzee Haji Mselem hakuwa na ramani, na ungemwonyesha ramani angekuuliza jiko liko wapi. Alikuwa na mkeka. Kila alipotaka kuzitazama hoteli zake sita za chai na wali, aliutandika barazani kwake Ngamiani, akasema ukingo huu ni bahari, kisha akavipanga vikombe sita vyenye mstari wa buluu: kimoja Tanga sokoni, kimoja Pongwe, kimoja Muheza, kimoja Pangani, na ng'ambo ya mto Mwera na Mkwaja. Kila mpishi, siku ya kufunguliwa hoteli yake, alinywea chai ya kwanza kikombe chake, ndipo kikaenda kukaa mkekani. Watu wa mjini walilicheka jambo hilo wakiwa mbali naye. Mbele yake hawakuthubutu, maana Mpemba huyu aliingia Tanga na birika moja tu.

Kipimo chake kilikuwa njaa. Mtu akila Tanga akashika njia kwa miguu na mzigo kichwani, njaa itamrudia wapi? Hapo weka jiko. Ndivyo Pongwe ilivyopata hoteli. Lakini kufikia mwaka wa hamsini na sita watu walikwisha kuzoea basi, na abiria aliyekunywa chai Tanga alipita Pongwe bado anajilamba midomo. Njaa ilimkamata Mombo, basi linapopumzishwa, na huko Mzee Haji hakuwa na hata figa moja. Alitaka kufika Mombo, na hoteli saba hakuziweza. Ilibidi kikombe kimoja kihame.

"Zunguka kote," alimwambia Tadeo, msimamizi wake. "Ukirudi, wewe ndiye utakayekiondoa. Mimi nshazeeka, vyote navionea huruma."

Tadeo alipanda basi. Mpishi wa Pongwe alikuwa Praxeda, mama yake mzazi. Baba yake alikuja kutoka Ungoni kukata mkonge, akafia huko huko shambani, na nyumba ya kambi ya mkonge hapewi mjane. Mzee Haji ndiye aliyempa Praxeda jiko la Pongwe, pamoja na chumba nyuma ya jiko. Sasa miguu ilikuwa imemvimba mama wa watu, na mbali ya chumba hicho hakuwa na pa kuweka kichwa. Tadeo mwenyewe alipanga chumba Tanga na wenzake wawili.

Alipoteremka Pongwe, kondakta alimlalamikia kwa kumsimamishia gari bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo jua kali, watu hawajatoka."

Mwezi uliopita alisema mvua kubwa, watu hawajatoka. Ndani mlikuwa na wateja watatu, mmoja kati yao amelala. Sufuria la wali lilikuwa kubwa na limejaa pomoni. Tadeo alikula sahani mbili, akalazimisha na ya tatu, kana kwamba tumbo lake moja lingeweza kuiokoa hoteli. Uani kulikuwa kimya, ila kuku wa jirani waliokuwa wakiparura migombani, wanene kuliko wateja. Hakumwambia mama yake kilichomleta.

Njia nzima aliwaza: Mungu wangu, nipatie nyingine mbovu kuliko hii. Muheza watu walijaa. Pangani walijaa. Mkwaja, japo mbali, wachuuzi wote walikula pale. Kwenye kurudi ndipo akasimama Mwera. Alikaa barazani kwa Asmahani, mpishi wa hapo, akazitazama benchi. Tupu! Adhuhuri nzima hakuingia mtu. Tadeo alifurahi mpaka akaona haya kufurahia mkosi wa mwenzake. Alimaliza chai mbio mbio akarudi kivukoni kabla bahati haijageuka.

Siku ya kujibu, Mzee Haji alitoka kuswali alasiri akautandika mkeka. Vikombe vikakaa mahali pake. Tadeo alichuchumaa.

"Haya, baba. Ondoa."

Tadeo akakishika kikombe cha Mwera.

"Kwa nini?"

"Benchi tupu, mzee. Nimekaa adhuhuri nzima."

"Ulikaa wapi?"

"Barazani, mbele."

"Na uani hukwenda?"

Hakwenda. Tadeo alikulia kambini, ambako mwanamume na mwanamke hupanga foleni moja na sahani zao. Hakuwaza kwamba Mwera mke wa mtu haingii hotelini kukaa benchi moja na wanaume. Hupeleka bakuli kwa mlango wa nyuma, na chakula hutoka kimefunikwa kawa, nyumba baada ya nyumba.

"Asmahani kila wiki aniomba mchele," alisema Mzee Haji, bila ukali. "Wataka kunambia mchele ule autafuna peke yake? Kirudishe."

Tadeo alikirudisha mahali pake.

"Na Pongwe nako," mzee aliendelea, "nasikia wateja hamna, lakini mchele waisha vile vile. Mimi siwajui wanawake wa huko. Wewe ndiye mtoto wa pale. Uani wako watu?"

Tadeo aliinua macho. Mlango huo hapo, umefunguliwa wazi! Aseme ndiyo, wanawake wa kambini huja na mabakuli, na mzee ataamini, na mama atabaki na chumba chake. Lakini ua ule aliufagia mwenyewe tangu mama alipopewa jiko, na hapakuwa na mtu aliyepita ila kuku. Na mzee alikuwa anamngoja kwa uso wa mtu anayeamini. Kumdanganya mtu wa namna hiyo kulimshinda.

"Hapana, mzee. Hakuna mtu."

"Basi mchele waenda wapi?"

"Sijui, mzee. Wallahi sijui."

Tadeo akanyoosha mkono, akakiondoa mkekani kikombe cha Pongwe.

"Mombo, mzee... mama hawezi?"

"Kwa miguu ile? Basi likisimama Mombo, watu arobaini wataka chai kwa mara moja. Nitamuua." Mzee alijifuta uso. "Nyumba ya Pongwe ya kukodi, mwisho wa mwezi nairejesha. Kipeleke mwenyewe hicho. Usimtume mtu."

Tadeo alikifunga kikombe katika leso, na safari hii kondakta hakulalamika, pengine kwa jinsi alivyomwona uso. Praxeda alikuwa peke yake jikoni. Tadeo alikiweka kikombe juu ya meza. Mama yake akakigeuza, akagusa ufa mdogo chini ya mshikio wake, ufa aliouona siku ile ya kwanza.

"Nani kakiondoa?"

Kumtaja mzee kungekuwa rahisi.

"Mimi, mama."

Praxeda alikaa juu ya kigoda chake polepole, mkono mmoja gotini. Alilia kidogo, bila kelele, kisha akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Alikuuliza mchele?"

"Aliuliza. Nikasema sijui."

"Nilikuwa naumwaga migombani, kila jioni. Nilisema nikirudisha mchele, wataona hakuna wateja, na wewe msimamizi utaitwa uulizwe habari za mama yako. Sikutaka uulizwe."

Mama yake aliinuka, akakisuuza kikombe, akakijaza chai, akakisogeza mbele yake.

"Kunywa, mwanangu. Halafu uniteremshie sufuria, leo tena nimepika wali mwingi."

Akanywa. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama mama alivyowawekea wateja aliotaka warudi.