Joto Msibani kwa Mwalimu Consorcia

Katika mji wa Iloilo, mwenye jengo akitaka viyoyozi vikubwa vya juu ya paa, aliambiwa amtafute Crisanto Dalipe. Mitambo ililetwa na kreni, wengine wakaikaza kwa boliti, lakini aliyeipa umeme alikuwa Crisanto. Alikuwa ameshavuka hamsini, mtu wa kifua mbele na mdomo mkubwa, na hakupenda kusahihishwa.

Mwenzake kazini aliitwa Jovelyn Sumagaysay, mama wa watoto wawili na fundi kamili, mpole wa maneno. Walikuwa wamepewa kazi ya nyumba moja ya maombolezo, ya kukodisha kumbi za kuagia marehemu, iliyoongeza kumbi mpya. Jovelyn aliunganisha nyaya za mitambo miwili. Crisanto akaushika ule mkubwa, wa ukumbi wa kati, na alipomaliza akafunga kifuniko upesi na kumtuma Jovelyn chini kwa kazi nyingine.

Umeme wa kumbi hizo uliwashwa siku ileile jeneza la kwanza lilipoingia. Marehemu alikuwa Mwalimu Consorcia Palmares, aliyewafundisha kusoma watu wengi wa mtaa ule, Jovelyn akiwa mmoja wao. Mchana ulikuwa wa moto, mtambo mkubwa ulikuwa bado haujajaribiwa, na ukumbi ulishajaa.

"Washa tu, fundi," mwenye nyumba alisihi. "Watu wanayeyuka."

Crisanto akawasha. Juu ya dari ukasikika mngurumo kama mawe yanayosagwa ndani ya pipa, na matundu ya hewa yakawapulizia waombolezaji joto lilelile. Binti mmoja wa marehemu akaanza kulia upya.

Jovelyn alikuwa amesimama mbele ya jeneza, maua mkononi.

"Jovelyn!" Crisanto alifoka. "Umefanya nini huko juu?"

"Kaka Santo, twende tukaongelee nje."

"Nje kuna nini? Watu wanaiva humu! Nimekwambia mara ngapi uangalie rangi za waya? Mwalimu alikufundisha herufi, rangi akasahau?"

Mtu mmoja penye meza ya karata, mchezo wao wa kupitishia muda msibani, akacheka, kisha akajuta. Jovelyn akamtazama mwalimu wake nyuma ya kioo cha jeneza, akayaweka maua taratibu, akatoka.

Crisanto akapanda juu akiwa bado anang'aka. Akazima swichi ya mtambo, akafungua kifuniko, akainama. Nyaya tatu zilikuwa mbele yake. Mwekundu aliuona. Mbili zilizobaki zilikuwa giza na giza. Kwa muda mrefu sasa macho yake yalikuwa na ukungu, naye alikuwa akilisingizia vumbi la paa. Akapiga picha kwa simu, akaikuza, akaisogeza puani. Giza na giza.

"Wa kushoto ni mweusi," sauti ya Jovelyn ilisema nyuma yake. "Wa kulia ni buluu. Umezipishanisha, ndiyo maana kompresa inazunguka kinyume na haipozi."

"Kwani huu niliunganisha mimi?"

"Ulitaka awe nani? Siku ile si ulinifukuza chini?"

Crisanto akakaa kwenye ukingo wa zege.

"Tangu kazi ya ile benki napita nyuma yako," Jovelyn aliendelea huku akipima kuhakikisha umeme umekatika. "Benki, duka la dawa, ile hoteli. Ukienda kula, mimi nafungua, narekebisha, nafunga. Huu tu ndio ulionipita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Mtu akitaja miwani, unanuna mpaka jioni. Nikasema, ni kaka yangu, nisimwaibishe."

Neno hilo lilimchoma. Jovelyn akafungua skrubu, akazibadilishia nafasi zile nyaya mbili, akakaza, akarudisha umeme. Mtambo ukanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba.

"Nisamehe, Jovelyn."

"Hapa juu kuna nani? Mimi, wewe na njiwa. Kule chini palikuwa na ukumbi mzima."

Crisanto akashuka. Ubaridi ulikuwa umeanza kutua na watu walikuwa wakinywa kahawa. Alisimama karibu na jeneza.

"Jamani," alisema. "Jovelyn hana kosa. Mtambo ule niliufunga mimi. Macho yangu hayaoni vizuri, nikaficha. Nimemsingizia mbele yenu."

Mume wa marehemu, mzee mkavu mwenye fimbo, akainua kichwa. "Fundi, mke wangu alikuwa na rula maalumu kwa mtoto anayemsingizia mwenzake. Bahati yako amelala."

Watu wakacheka, kicheko cha msibani kinachotafuta pa kutokea. Crisanto hakucheka. Alimtafuta Jovelyn kwa macho, akamwona ameketi kiti cha mbele, amempa mgongo. Hakugeuka.

Baadaye aliondolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa, nesi alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha buluu, na mgonjwa akabubujikwa na machozi. Nesi alidhani ni furaha.

Jovelyn wakati huo alishaanza kuchukua kazi kwa jina lake mwenyewe. Crisanto alimpigia simu, akamwomba waende pamoja kwenye yale mapaa akaone alichokosea.

"Nilishayarekebisha," Jovelyn alijibu. "Nenda mwenyewe."

Akaenda mwenyewe, jengo baada ya jengo, akiomba ruhusa kwa walinzi kama mgeni. Kila kifuniko alichofungua alikuta nyaya zimepangwa kwa unadhifu, kila rangi mahali pake. Zile kazi alizosifiwa nazo, na yeye akazipokea sifa, zilikuwa za mkono wa mwingine. Alifunika polepole, akakaza skrubu zote, akasogea kwenye paa lililofuata.