Matundu Manne ya Winchi

Jina la Winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, alibandikwa na kaka yake, na nyumba nzima ikalipokea kwa furaha kwa sababu liliwapunguzia kazi. Tangu Baba apigwe na kiharusi, wa kumtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti alikuwa yeye tu, binti mshona mapazia. "Winchi yupo?" waliuliza wakipita kusalimia. Yupo. Basi walikunywa chai, wakamsifu, wakaenda zao.

Sasa Winchi mwenyewe ameota uvimbe kwenye ini, na kwenye chumba cha daktari hakupata hata nafasi ya kukohoa.

"Tuelezane vizuri, daktari," alisema kaka. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kukaa kiti cha pembeni na kuamrisha. "Huyu ni mdogo wangu. Nasikia kuna kupasua na kuna matundu. Sisi tunataka matundu."

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili Winchi aone. Uvimbe ulikuwa ukingoni mwa ini. "Nikifungua tumbo, mkono wangu unafika kila mahali, ila kovu ni refu, maumivu ni mengi na kupona kunachelewa. Kwa matundu naingiza kamera na vifaa vyembamba, mgonjwa anainuka mapema. Uvimbe huu umekaa pazuri, matundu yatafaa. Lakini damu ikinizidi nguvu, nafungua palepale. Hilo mnikubalie kabisa."

"Hapo hapana. Matundu ni matundu, bwana! Usimchane mtoto wa watu."

"Nitaweza kunyanyua lini?" Winchi aliuliza.

"Subiri kwanza, tunaongea," kaka alimkata.

Mtoto wa watu alikuwa na mvi mbili tatu na mikono iliyokomaa. Aliuma meno, akauliza tena kwa sauti ya juu.

"Kunyanyua nini?" daktari alishangaa.

"Mtu. Mzee wa mwili wake, upande mmoja haufanyi kazi."

"Mama, wewe sahau hilo kwa sasa. Kwa matundu, wiki kadhaa usinyanyue kitu kizito. Ukipasuliwa, hesabu miezi. Na mjue, ndani nakata kipande kilekile cha ini, nipite njia hii au ile."

Winchi alimgeukia kaka yake kuona kama amesikia. Kaka alikuwa anamwandikia mtu kwenye simu kwamba mambo ni mepesi, ni matundu tu. Hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka.

"Mwili ni wangu, daktari," alisema. "Ukilazimika, fungua."

Kaka alinuna njia nzima. Walipofika kwenye geti la nyumbani alisema Baba atavumilia kulala siku hizo chache, kwani kulala ni kazi? Maneno hayo yalimkata Winchi maini, na wenye visu walikuwa hawajaanza. Aliujua mgongo wa Baba. Ngozi ilishaanza kuwa nyekundu, na mtu asiyeinuliwa huoza akiwa hai. Alimwomba kaka ajifunze kumnyanyua Baba kabla yeye hajalazwa. Kaka akasema kesho. Kesho alikuwa na wanafunzi.

Siku ya upasuaji, Winchi alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi, jambo la kwanza lilikuwa kujipapasa tumbo. Plasta nne ndogo! Alilia kwa furaha mpaka nesi akamkanya, maana kila kwikwi ilimchoma ndani kama pasi.

Furaha ile iliishi mpaka saa ya kutazama wagonjwa.

"Haya tu?" Kaka aliinama, akazikagua plasta, akacheka. "Chunusi hizi! Mimi nikinyolewa naumia zaidi. Basi imekaa vizuri, wakikuruhusu tu nakupeleka moja kwa moja kwa Baba. Tangu uondoke hajakalia kiti."

"Hujamkalisha hata mara moja?"

"Si anakungoja wewe?"

"Kaka, nimekatwa ini."

"Kwa matundu," alimkumbusha, akimpigapiga begani.

Alipoondoka, Winchi aliziangalia zile plasta akazichukia. Aliziomba, akazipata, na sasa zilikuwa zinamrudisha kazini. Angechanwa kutoka mbavuni mpaka kitovuni, wangeingia wodini wakinyata. Ndugu zake waliamini kidonda wanachokiona tu, na yeye alikuwa amechoka, amechoka kweli, kuwaeleza watu wenye macho.

Asubuhi alimwita nesi, mama mmoja mzito wa maneno. "Nifunge bandeji. Kubwa. Kuanzia hapa mpaka hapa."

"Ya nini? Vidonda vyako havihitaji."

Akamweleza yote, na Baba, na mgongo wa Baba. Nesi alitikisa kichwa. "Mimi sidanganyi ndugu za wagonjwa," alisema. "Ila mkanda wa kushikilia tumbo tunao. Ukikohoa utakusaidia. Atakayeuona aone anavyotaka."

Jioni kaka aliingia akitikisa funguo za gari. Aliuona mkanda mpana mweupe, umemzunguka mdogo wake kuanzia chini ya matiti hadi nyonga. Funguo zikanyamaza.

"Walirudi kufungua?" alinong'ona.

"Walikata ini, kaka. Nilikwambia jana."

Aliketi taratibu ukingoni mwa kiti, akiogopa hata kugusa kitanda. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Winchi hakuwahi kuisikia kwake, "Sasa Baba huwa ananyanyuliwaje?"

Swali hilo alilingoja miaka, na limeletwa na kitambaa. Winchi alitaka kumtukana. Alitaka kumrushia mto. Aliumeza ule uchungu, kwa sababu mgongo wa Baba haukuwa na muda wa kungoja hasira zake zipoe.

"Kwanza unamuuliza kama yuko tayari," alisema. "Halafu unangoja akujibu."