Utosi wa Gumato

Gumato alisimama mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, pale Garissa, ulimi ukamgoma. Wanaume walikuwa wakiingia chumbani kwake huku Kerrow, mtu aliyemtoa kwao Wajir, akipokea malipo mlangoni. Angeyasemaje hayo mbele ya mkalimani, Mzee Molu, Mborana mwenzake aliye rika la baba yake?

"Mnamwona?" Kerrow alicheka. "Hana la kusema. Huyu ni mke wangu wa ndoa, Bwana Shauri, mwaka wa pili huu. Tumegombana, basi ananizulia."

Bwana Shauri alikuwa keshaweka kalamu chini. Uongo umevaa kanzu safi, ukweli umesimama pekupeku, nani angeaminiwa?

Mke! Hasira ikampanda Gumato. Akaivuta shuka iliyomfunika kichwa, ikaanguka.

Mzee Molu alishtuka. Utosi wa binti ulikuwa umenyolewa duara, nywele zimebaki pembeni tu.

"Bwana Shauri," alisema, "kwetu mwali hunyolewa hivi na mama yake. Akishaolewa, wembe haugusi tena utosi."

"Mama yake yuko Wajir. Nani alimnyoa?" Bwana Shauri aliuliza.

Mzee akamgeukia Gumato, sauti imemlegea. "Nani amekunyoa, mwanangu?"

"Mimi, baba. Kila nywele zilipomea nilizinyoa kwa vigae vya chupa walizoacha wale wanaume. Nilitaka mama akiniona tena, ajue sikuolewa na mtu."

Kerrow akanyoosha shingo atazame. Mume mzima, ndio kwanza anakiona kichwa cha mkewe.