Saa Kubwa ya Mke Mwenzangu

Baada ya kiharusi, mkono wangu wa kushoto ulining'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Binti yangu alinichukua nikakae kwake, na sina la kumlaumu: alinikata kucha, alinichana nywele, aliniwekea kijiko upande ninaoufikia. Lakini kwa mwanao si kwako. Nilitaka kurudi kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili.

"Siku utakapoepua sufuria ya maji ya moto kwa mikono miwili, mama, nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Kabla ya hapo, hapana. Sitaki uungue nikiwa mbali."

Lilikuwa neno la haki. Tatizo lilikuwa vidole. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole, alinipa mpira wa kuminya. Nikiuminya kidogo tu, usingizi unanichukua, mpira unabingirika chini ya kochi.

Ndipo akaja mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyo. Ni mpiga mbizi. Kazi yake ni kushuka chini ya maji kukagua nguzo za madaraja. Tunaitana mke mwenza, maana marehemu babu yake alikuwa akijigamba kwamba ana wake wawili, mmoja bado hajaota meno. Sasa zamu ya kukosa meno ni yangu.

Siku hiyo alivaa saa yake ya kazi, pana kama kifuniko cha chupa ya chai.

"Mke mwenza, hiyo ni saa au jiwe la mizani?"

"Lete mkono uone."

Akanivalisha mkono wa kulia, ule mzima. Uzito wake ulinishangaza, halafu ukanipendeza. Tarakimu nilizisoma bila miwani. Kuzunguka kioo kulikuwa na pete ya chuma yenye meno.

"Izungushe kwa vidole vya yule mvivu," akasema.

Nikasukuma. Haikwenda. Nikasukuma tena, ikalia tik. Nikajaribu kuirudisha, ikakataa.

"Hairudi nyuma, bibi. Tukizama tunaweka alama yake kwenye mshale wa dakika, tujue tumekaa chini muda gani. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itakudanganya kwamba umekaa sana, nawe utatoka mapema. Kukuchelewesha haiwezi."

Nikaitazama kwa heshima. Aliyeitengeneza hakumjua mjukuu wangu, lakini alimfikiria: hata ikikosea, ikosee kwa kumrudisha nyumbani.

"Basi niachie."

"Bibi! Hiyo ni ya kazi."

"Na mimi nina kazi."

Akacheka, akasema anayo nyingine ya akiba.

Tangu hapo sikuwa mgonjwa tena. Nilikuwa mtu mwenye saa. Niliizungusha nikisubiri chai, nikisikiliza habari, nikipiga soga. Mpira haukuwahi kunijibu, saa ilijibu. Mlinzi wa getini akanitania, "Bibi, unazama lini?"

"Siku nitakayokukuta umelala zamu, tutazama wote."

Mtaalamu wa mazoezi alipoiona hakununa kwa ajili ya mpira wake. Aliinama, akaomba naye aizungushe.

Asubuhi moja nikamwita binti yangu jikoni. Akajaza maji sufuriani, akaiweka juu ya jiko, kisha akasimama karibu nami, mikono mbele kama anayesubiri kumdaka mtoto.

"Haya, epua."

Nikagusa ubavu wa sufuria. Baridi. Hakuwa amewasha jiko. Nilijua ni upendo, lakini hatukukubaliana hivyo.

"Washa, mwanangu. Maji baridi hayapiki kitu."

"Mama..."

"Washa."

Maji yalipochemka, nikashika masikio ya sufuria kwa vitambaa. Vidole vya kushoto vikajikunja, vikakaza. Nikainua, nikageuka, nikaitua mezani. Yalimwagika kidogo, tena upande wa mkono wa kulia, nikamwonyesha ajionee. Binti yangu akavuta kiti, akaketi, akajifuta macho.

"Jumamosi," akasema.

Jumamosi hiyo binti yangu alinipeleka kama alivyoahidi, na mjukuu akanibebea begi hadi mlangoni pangu. Nilifungua kufuli mwenyewe. Akanyoosha kiganja.

"Saa yangu, mke mwenza."

"Nani kasema ni yako? Anayeitaka saa hii anajua ninapokaa. Ingia, nikuchemshie chai."