Kila Fundo, Shimo Moja

Ua la saba liling'oka na mzizi wake, na Mama Mujinga akalitia mfukoni haraka, kama mtu anayeiba sadaka. Lilikuwa dogo, la zambarau, zuri kiasi cha kutia chuki. Kolwezi nzima inalijua: hustawi pale udongo unapoficha shaba.

Shamba lake la kwanza liliota ua moja tu. Mchimbaji mmoja akaliona. Wiki tatu baadaye hapakuwa na shamba, palikuwa na mashimo, na mumewe, Muamba, akashuka katika mojawapo kutafuta riziki. Hakurudi juu. Hili la pili alipewa na parokia, na alikuwa ameapa kwamba litabaki shamba.

Stany, mwalimu wa kilimo wa parokia, alikuwa na amri tatu, na alizitangaza kwa uzito wa mtu aliyeteremka nazo mlimani: usichome majani, usigeuze udongo, funika ardhi kwa nyasi. Kisha akatoa kamba yenye mafundo. Kila fundo shimo moja, kila shimo sala fupi na punje tatu za mahindi. Mama Mujinga alitii yote. Mahindi yakaota kila mahali isipokuwa kona ya kusini. Huko alipanda mara tatu, akasali mara tatu, na ardhi ikanyamaza kama inayosikiliza.

"Mahindi ya hii kona iko wapi?" Stany alimuuliza.

"Iko nalala, Tata Stany."

"Tangu Novemba?"

"Ulisema tusali. Haukusema Mungu anajibu siku gani."

Stany alicheka. "Basi uiamushe. Siku ya Posho bageni ba parokia kumi na mbili banakuya kuona shamba yako."

Tangu hapo aling'oa maua ya kona ile kila asubuhi na kuyachoma jikoni. Yaliota ovyo, moja hapa, mawili pale, kama maua yoyote ya Mungu.

Jumamosi, ndiyo Siku ya Posho, jua likiwa limeshapanda, aliinua nyasi za kona ile, akaduwaa. Maua yalikuwa yamejipanga kwa safu. Alileta kamba, akaitandaza. Fundo, maua. Fundo, maua. Katika kila shimo aliloliombea yalisimama matatu, wala si mawili, wala si manne.

Nyimbo zilisikika njiani. Alirudisha nyasi kwa mikono miwili, hazikutosha, akaketi katikati na kutandaza kikwembe alichojifunga kiunoni pande zote.

Stany alitangulia wageni. "Mama Mujinga, juu ya nini unaikala chini? Bageni banafika."

"Mi niko nasali, Tata."

"Vizuri. Tutasali pamoja."

Watu arobaini walizunguka ile kona, wakavua kofia, wakafumba macho. Stany akainua mikono na kuanza. Mama Mujinga hakufumba yake. Chini ya kikwembe kitu laini, cha baridi, kilimgusa mguu. Kisha kingine, umbali wa fundo moja. Mbele ya viatu vya Stany nyasi ziliinuka taratibu, kama shuka kifuani mwa mtu aliyelala.

Sala ilikuwa inakaribia mwisho.

"Endelea, Tata," alinong'ona. "Usimalize."

Stany, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuombwa hivyo, alivuta pumzi ndefu akaanza upya, na nyasi zikaendelea kuinuka.