Madoa Meupe ya Mlimani

Pale mlimani walimwita Injinia, ingawa hakuwa injinia wala hakuwahi kudai hivyo. Alikuwa mchora ramani wa halmashauri, ajira yake ya kwanza tangu amalize chuo. Lakini kwa wanawake waliopiga kokoto pamoja na shangazi yake, yeyote aliyeshika kompyuta badala ya nyundo alikuwa injinia, basi.

Jumamosi hiyo alipanda mlima kwa miguu iliyogoma. Alikuwa na habari ambayo hakutaka shangazi yake aisikie kwa mtu mwingine. Mpango mpya wa machimbo, ule unaosema wapi katika halmashauri pachimbwe mchanga, wapi kokoto na wapi madini, ulikuwa umekamilika, na mlima mzima ulikuwa umetengwa kwa uchimbaji wa chokaa. Kampuni ilikuwa imeshaleta maombi. Madiwani wakiupitisha mpango Jumatano, wapiga kokoto wangeondolewa, na mpango ukishapita haufunguliwi tena kwa miaka kumi.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mkono uliochora ramani hiyo ulikuwa wake. Picha ya droni, iliyopigwa kutoka juu kabisa, ilionyesha madoa meupe yaliyojipanga kwenye mteremko, safu baada ya safu, sawasawa na mshipa wa mwamba aliofundishwa darasani. Akaandika "chokaa" na kuupaka mlima rangi ya madini. Alilia alipofika nyumbani, lakini hakuifuta. Aliamini kwamba mchora ramani mwaminifu hachagui mwamba ukae wapi.

Mlima wenyewe hakuujua. Shangazi alimlea kwa kazi ile, lakini kila Injinia alipomletea chakula, shangazi alimpokea palepale chini barabarani na kumrudisha. "Kule juu nakwenda mimi ili wewe usiende," alikuwa akisema, na neno lake halikuwa na rufaa.

Safari hii hakusubiri kupokelewa. Alimkuta shangazi yake ameinama mbele ya rundo la kokoto, kopo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Nani kakwambia upande? Na viatu hivyo! Unataka kisigino kibaki huku tukiponde pamoja na kokoto?"

Nyundo zikasimama. "Injinia kaja kukagua!" mmoja akapiga kelele.

"Akague nini? Kaja kutafuta mchumba mwenye lori!"

Walicheka, lakini Injinia hakuwasikia. Alikuwa anatazama kopo. Shangazi alichota unga mweupe, akaunyunyiza kileleni mwa rundo, mpaka likawa kama limevaa kofia.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Naweka alama. Wewe ulikuwa chuo wakati wezi walipotuandama. Mtu akichota hata karai moja, kokoto zinaporomoka na weupe unavunjika. Asubuhi unafika, unatupia jicho, unajua kama umeibiwa."

"Mnaweka wote?"

"Mwizi anachagua?"

Injinia akageuka polepole. Marundo yalikuwa yamepangwa kufuata njia ya malori, ambayo ilizunguka mteremko kutoka chini hadi juu, safu baada ya safu. Kila rundo lilikuwa na kofia yake nyeupe. Akakaa chini juu ya kokoto, bila kuijali sketi yake ya ofisini.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, shangazi. Nimewageuza kuwa mwamba."

Akawaeleza yote: picha, madoa, mpango, Jumatano. Alipomaliza, mama mmoja mnene, aliyekuwa na kitambaa cha kuzuia vumbi usoni, akakishusha.

"Ngoja kwanza. Chokaa yangu ya dukani ndiyo imekuwa madini? Ile niliyoinunua pale wanapouza rangi za nyumba?"

Kicheko kililipuka mpaka wengine wakajishika mbavu. Shangazi hakucheka. Alimshika Injinia kidevu, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo.

"Umechora wewe?"

"Nimechora mimi."

"Basi kachore upya."

Jumatatu, kabla hajaweka hata mkoba chini, Injinia alikuwa mbele ya mkuu wa mipango, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Rula kwa sababu rula haikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepitisha mipango mingi na kuona mingi ikikwama kwa maneno.

"Kuna aliyepima mawe yale?" aliuliza.

"Hakuna, bosi. Vipimo huja baada ya eneo kutengwa. Lakini wakati huo watu watakuwa wameshaondolewa."

"Na shangazi yako anafanya kazi pale."

"Ndiyo."

Bwana Rula akatoa rula yake, akajigongagonga kiganjani. "Sikiliza, binti. Ukisimama Jumatano ukasema madoa yale ni unga, kuna diwani atauliza kama shangazi yako naye ni unga. Neno lako halitatosha, na la shangazi yako ndiyo kabisa. Niletee kitu ambacho hata mtu asiyekupenda atakiona kwa macho yake."

Injinia alirudi mezani pake, akaifungua tena ile picha. Aliikuza, akaipunguza, akaikuza. Kwa picha hiyohiyo alikuwa amedanganyika, na picha nyingine ingeweza kuwadanganya madiwani vilevile. Labda kama picha ingeweza kujibu maswali. Akainuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Bosi, naomba droni. Mpimaji aende nayo mlimani Jumatano, na picha ije moja kwa moja ukumbini."

Bwana Rula akairudisha rula mfukoni. "Ikikwama mbele ya waheshimiwa, mimi na wewe tutakwenda kuomba nyundo kwa shangazi yako."

"Atatupa, bosi. Ila hatatuonea huruma."

Jumatano ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa halmashauri, mama wa miwani na sauti ya upole, alimpa Injinia nafasi. Alieleza kosa lake bila kulipamba: kwamba aliona weupe akadhani ni mwamba, na kwamba sasa anaomba ramani irekebishwe. Hajamaliza vizuri, Mheshimiwa Hoja akainuka. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kikao alichokikalia kimya.

"Hoja, mwenyekiti! Huyu binti shangazi yake si yuko palepale mlimani?"

Minong'ono ikapita. Injinia alihisi masikio yake yanawaka moto.

"Yupo, mheshimiwa. Ndiye aliyenilea. Kwa hiyo sikuombi uniamini, nakuomba utazame."

Skrini ikawaka. Mlima ukatokea kutoka juu, na madoa yake meupe safu baada ya safu. Kisha picha ikaganda. Mtu akakohoa. Bwana Rula akafumba macho, rula ikiwa kifuani kama mtu anayeomba dua. Injinia alipiga simu mlimani, akaiweka kwenye spika.

"Droni imekwama, shangazi?"

"Ipo hewani, mama! Huyu kijana anahangaika na mtambo wake. Ehe, kasema tayari."

Picha ikaamka. Injinia akavuta pumzi. "Mheshimiwa, chagua doa lolote."

Mheshimiwa Hoja alisogea hadi karibu na skrini, kama anayeogopa kuchezewa kiinimacho. Akalikwepa lililokuwa katikati, akaenda pembeni kabisa. "Hili. La juu, peke yake."

"Shangazi, rundo la juu kabisa, lililojitenga."

"La Bibi Kelele hilo. We Bibi Kelele, unaitwa na serikali!"

Ukumbi ukacheka. Kwenye skrini kitu kidogo chenye rangi kikaanza kutambaa kupanda mteremko, kikafika kwenye doa, kikainama. Ufagio haukuonekana kutoka juu. Kilichoonekana ni weupe ukiliwa taratibu, mpaka mahali pale pakawa kijivu kama mlima mwingine wote.

Mheshimiwa Hoja akasogea tena. "Na hili." Likafutika. "Na hili la chini." Likafutika. Akageuka, miwani yake imemshuka puani, akaisogelea simu mwenyewe.

"Jamani huko, mnanisikia? Futeni yote!"

Mlima ukachemka. Vitu vidogo vya rangi vilikimbia huku na kule, na safu baada ya safu ya mwamba ilitoweka mbele ya macho ya madiwani, hadi lisibaki hata doa la dawa. Kutoka kwenye simu zilisikika fagio, vicheko na vigelegele.

"Mwenyekiti," alisema Mheshimiwa Hoja, "mwamba umekula kona!"

Meza zikagongwa. Injinia akafungua ramani ya pili, aliyokuwa ameichora bila kumwambia mtu zaidi ya Bwana Rula. Mteremko wa mbele, wenye njia ya malori, uliachwa kwa wapiga kokoto wa mikono. Upande wa nyuma haukutengewa yeyote mpaka mawe yapimwe, na kampuni ikitaka ikapime. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Mikono ikanyanyuka, wa Mheshimiwa Hoja ukiwa juu kuliko yote, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

"Eneo hili halina jina kwenye ramani yako," mwenyekiti alisema. "Tuandike nini?"

Injinia akaitazama simu. "Shangazi, umesikia? Mteremko wa mbele ni wenu. Wanauliza eneo hilo tuliandike jina gani."

Upande wa pili wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja na jina lake, hata spika ikakwaruza. Sauti ya shangazi ikapanda juu ya zote.

"Nyamazeni nyie, anaandika! Mama, andika kwamba lina wenyewe."

Injinia akaandika kwa herufi kubwa, LINA WENYEWE, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.